Nilivyotoa bolti zilizokatikia kwenye kitako cha spoketi ya nyuma

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, ya miaka ya 1980, na kazi yake kubwa ni kubeba magunia ya mahindi kwenye barabara ya makorongo. Ilipoanza kugonga nyuma kila nilipovuta mafuta, nilikagua cheni nikaikuta salama. Nilipofungua gurudumu ndipo nilipoona kwamba bolti mbili kati ya sita zinazoshika spoketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) zimekatika vichwa, na vipande vyake vimebaki ndani ya kitako, yaani kile kipande cha aluminiamu kinachokaa kati ya spoketi na habu (kitovu cha gurudumu).

Kabla ya kugusa chochote nilitazama pale zilipokatikia. Sehemu kubwa ilikuwa laini, yenye mistari ya kupinda kama pete za gogo, na ukingo mdogo tu ndio uliokuwa umeparuzika. Hiyo ni dalili ya chuma kilichochoka: ufa ulikuwapo zamani na ulikuwa ukisonga polepole. Bolti ya spoketi hubana tu, na msuguano kati ya spoketi na kitako ndio unaopaswa kubeba mvuto wa cheni. Bolti ikilegea, spoketi hucheza, na kila mshtuko huipinda bolti palepale. Raba za habu, ambazo kazi yake ni kumeza mishtuko hiyo, zilikuwa zimekauka na kulika kiasi cha kuachia nafasi.

Nilivua kitako, nikaondoa raba, kisha nikavitia vipande mafuta ya kulainisha kutu na kuviacha usiku kucha. Kipande kilichokuwa kimechomoza kidogo tulikiwekea nati juu yake, na fundi wa kuchomelea akaijaza katikati kwa umeme. Chuma kilichoyeyuka hakishiki kwenye aluminiamu, na joto lenyewe husaidia, kwa kuwa aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kilipopoa kiasi, kilitoka kwa spana ya kawaida.

Cha pili kilikuwa kimezama. Mafundi wengi hukimbilia kile chombo cha hesi (mistari ya skrubu) ya kinyume kinachopigiliwa kwenye tundu, nami sikipendi, kwa sababu kikikatikia humo hakuna biti ya kawaida itakayokitoboa. Nilipiga senta panchi (msumari mgumu wa kuweka alama) katikati kabisa, nikatoboa kwa biti ndogo, nikaongeza ukubwa hadi milimita 6, kwa kuwa kwa bolti ya M8 (yenye kipenyo cha milimita 8) biti ya milimita 6.8 tayari hufikia vilele vya hesi za kitako. Ganda jembamba lililobaki nililibonyeza ndani na kulichomoa kwa koleo, kisha nikasafisha hesi kwa tepu, yaani chombo cha kukatia hesi.

Bolti nilibadilisha zote sita, kwani zile nne zilizosalia zilikuwa zimepitia mateso yaleyale. Nilichukua zenye alama ya 10.9 (daraja la bolti imara), pamoja na washa mpya za kukunja na raba mpya. Nilizikaza kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu cha pikipiki. Cheni niliipima mzigo ukiwa umepakiwa, maana inayoonekana sawa pikipiki ikiwa tupu huweza kukaza mno sehemu ya nyuma inaposhuka kwa mzigo. Baada ya safari ya kwanza nilizipitia bolti tena kwa spana, na hakuna iliyogeuka.