Kikapu Kilichobaki Getini, na Samaki wa Dunga

Tulifika kwenye kiwanja cha michezo ya watoto mjini Kisumu saa tano na nusu. Askari wa geti akainua kitambaa kilichofunika kikapu changu, akazitazama hotpoti mbili na chupa ya chai, akaniambia, "Madam, chakula cha nje hakiingii."

Chakula hicho nilikipika Nakuru usiku wa manane. Chapati ishirini na mbili, mayai ya kuchemsha kumi, na nduma ambazo mama yangu hapitishi siku bila kuzila. Mama ana miaka 72 na ana kisukari. Akishameza dawa asubuhi, saa sita haimkuti bila kitu tumboni, na si kitu chochote tu. Nilimweleza askari hayo yote. Kijana wa watu alinisikiliza kwa heshima, akasema sheria si yake na kamera inamwona. Nikamwomba aniitie msimamizi. Msimamizi akaja, akanielekeza kwenye bango, akasema ndani kuna mkahawa na hatutakosa kitu.

Bei za mkahawa huo zilikuwa zimebandikwa kando ya dirisha la tiketi. Sahani ya chipsi shilingi 400. Kuku robo na chipsi 750. Soseji moja 120, soda 150, maji nusu lita 100. Ugali haukuwepo, mboga haikuwepo, wala githeri. Kiingilio mtoto 600, mtu mzima 300 hata kama amekuja kushika viatu vya watoto tu. Sisi tulikuwa sita: mimi, baba watoto, Mama, na watoto wangu watatu. Kiingilio peke yake ni 2,700. Kuku na chipsi kwa watu watano ni 3,750, na hapo bado soda, bado tokeni za magari ya umeme zinazouzwa mbali na kiingilio. Tulikuwa tumetoka nyumbani na elfu kumi na tano ya siku mbili, malazi ndani yake, na nauli tulishalipa.

Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, nauza nguo za mitumba, kwa hiyo najua mahali kama pale pana gharama zake. Lakini ukimkataza mtu kuingia na chakula chake, basi uwe umempikia chakula ambacho mzee, mgonjwa na mtoto wa miaka minne wanaweza kula. Haiwezekani ufunge mlango mmoja kisha nyuma ya ule mwingine uweke chipsi peke yake.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Mwanangu, hawa watoto wamengoja tangu mitihani. Waingie na baba yao. Mimi na wewe tutakaa pale." Alionyesha mwarobaini uliokuwa ng'ambo ya barabara.

Basi nikatandika leso chini ya mwarobaini, nikafungua hotpoti, na tukala tukitazama ukuta uliochorwa tembo wa rangi ya waridi. Nyuma yake tuliwasikia watoto wakipiga kelele. Sikuweza kuzitambua sauti za wangu. Mama alipomaliza alikunja chapati mbili na yai kwenye karatasi, akavuka barabara, akampa yule askari. Alizipokea kwa mikono miwili, akaenda kula nyuma ya kibanda chake.

Tulikaa hapo saa tatu. Joto la Kisumu si la kwetu. Ukitoka Mau Summit umejifunika sweta, ukipita chai ya Kericho bado una baridi, kisha barabara inateremka kuelekea Awasi na mashamba ya mpunga ya Ahero, na kufika huko sweta imekuwa adui. Mama hakulalamika. Alinisimulia jinsi walivyokuwa wakila kwao Molo alipokuwa mdogo: sufuria moja, watoto tisa, na hakuna aliyeulizwa anataka nini. Nikawaza jinsi nyumbani kwangu siku hizi kila jioni ni kikao cha bunge, huyu hataki maharagwe, yule hataki sukuma. Sikusema kitu.

Watoto walitoka saa tisa wakiwa na jasho na furaha. Baba yao alikuwa amewanunulia sahani moja ya chipsi wagawane. Kitinda mimba alilia njaa kabla hajavaa viatu. Nikawapa chapati, wakazikataa. Walitaka chakula cha Kisumu. Hapo kando ya barabara, jua likiwa bado kali, ndipo mjadala ulipoanza hasa. Kifungua mimba alitaka piza aliyoiona kwenye jengo la maduka. Mdogo wake alitaka chipsi tena. Baba watoto alitaka hoteli yenye vitambaa mezani huko Oginga Odinga Street, kwa sababu ina vyoo safi, na hoja yake niliiheshimu, maana ukisafiri na watoto na mzee, choo ni nusu ya chakula. Mimi nilitaka mahali penye bei iliyoandikwa ukutani. Mama alisema, "Nipeni ugali na mboga, nimetosheka."

Dereva wa tuktuk aliyekuwa akingojea tumalize alimtazama baba watoto akasema, "Mzee, mmetoka Nakuru mpaka ziwani kuja kula chipsi?"

Akatupeleka Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Tulikodi tuktuk mbili, 200 kila moja.

Mama alikuwa hajawahi kula samaki. Hilo watu wa ziwani huwa hawaliamini, lakini kwetu milimani wazee wengi wamezeeka hivyo. Baba yake alimwambia samaki ni ndugu wa nyoka, na neno la baba halikujadiliwa. Mimi nilijifunza kula samaki nikiwa mtu mzima, nimeshaolewa. Tena Nakuru tuna ziwa, ila ni ziwa la magadi. Sisi tuliokulia pale tulilijua kwa heroe, si kwa kitoweo. Maji yalipopanda miaka hii ya karibuni, yakameza hata lango la zamani la mbuga, watu walianza kuvua samaki humo na tukaonywa tusiwale. Kwa hiyo mtu wa Nakuru anaweza kuishi maisha yake yote kando ya ziwa asijue mlo wa ziwani.

Pale Dunga tuliposhuka, vijana watano walituzunguka, kila mmoja akivuta upande wa banda lake. Mmoja alimshika mwanangu mkono, nikamwambia amwachilie. Nikamuuliza bei ya samaki, akasema, "Mama, kaa kwanza, tutaelewana."

Neno hilo nalijua. Nimekaa sokoni miaka kumi na mmoja. Tutaelewana maana yake ni kwamba utakula kwanza, na bei utaijua mkono wako ukiwa bado una mafuta. Kama unasafiri na familia, ukilisikia neno hilo, ondoka.

Banda la tatu lilikuwa la mwanamke wa makamo aliyefunga kanga kiunoni. Hakutuita. Nilipomuuliza bei aliinuka, akafungua kasha la barafu, akatoa ngege watatu, yaani tilapia, akawapanga kwenye sinia kimo kwa kimo. "Huyu 500, huyu 700, huyu 900. Ugali na mboga mbali." Kisha akamshika yule mkubwa, akafunua shavu lake kwa kidole gumba, akaniita nitazame. Ndani palikuwa pekundu kama nyanya iliyoiva. Akabonyeza ubavu, nyama ikabonyea, ikarudi. "Shavu likiwa la kahawia, au ukibonyeza pabaki shimo, usikubali hata ukipewa bure. Na ukiona samaki wote kimo kimoja kama matofali, hao ni wa katoni, wametoka China. Wamejaa hata hapa Kisumu."

Nilidhani ananitania. Samaki kutoka China, mjini kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika? Hakuwa anatania. Alisema samaki wa ziwani wamepungua, wa China wana bei nafuu, na mteja asiyejua kutazama shavu hatambui, hasa akiletewa samaki aliyekwisha kukaangwa. Nikachagua wawili wa 900 na mmoja wa 700. Ugali 300, mboga 200. Jumla 3,000, nikaitamka mbele ya baba watoto, naye mama wa banda akaitamka pia. Watu sita, chini ya ile 3,750 ya kuku na chipsi za watu watano.

Kungojea kulichukua karibu saa nzima, na kuna lalamiko langu hapo, kwa sababu viti vya plastiki vilikuwa vimepasuka na choo kilikuwa mbali, tena cha kulipia. Watoto walikwenda kutazama mitumbwi na yangeyange waliosimama juu ya magugu maji. Mimi nilibaki jikoni. Yule mwanamke alimchana kila samaki mistari mitatu kila upande, akapaka chumvi, akamtumbukiza kwenye mafuta yaliyochemka mpaka mkia ukajikunja. Hakumgeuza hata mara moja kabla upande wa chini haujashika rangi. Alipowatoa walikuwa na ngozi ya dhahabu iliyovimba kwenye ile mistari. Ndipo akaanza mchuzi: vitunguu vingi, nyanya, dhania mwishoni, na samaki wakarudishwa humo wakae dakika chache.

Akipika alinieleza mambo ya ziwa. Mbuta, yule samaki mkubwa anayepelekwa viwandani, si mwenyeji. Aliletwa miaka ya 1950. Bibi yake alikuwa akiwapikia fulu, visamaki vidogo vya kila aina, na mbuta akawala. Alikuwa akikoroga huku anasema, na mara mbili aliacha kukoroga.

Chakula kikaja. Tukanawa kwa jagi na beseni. Mama aliivuta mboga karibu, akaonja, akainua uso. "Hii ni managu!"

"Sisi tunaiita osuga," yule mwanamke akajibu. "Hiyo nimeilaza na maziwa."

"Nasi tunatia maziwa!"

Wakaanza kuongea kana kwamba mimi sipo. Unachuma lini, unachemsha maji mara ngapi, mwenye tumbo anapewa ipi. Yule mwanamke akaketi. Mkono wake ukaenda kwenye yule samaki mkubwa, ukavunja nyama ya mgongoni, pale palipo na miiba mikubwa tu isiyomsumbua mtu, akaitoa miiba mmoja mmoja akiitandaza pembeni ya sahani, kisha akaweka tonge la nyama nyeupe kwenye ukingo wa ugali wa Mama.

"Mama, onja tu. Ukishindwa, mpe mjukuu."

Watoto walinyamaza. Baba watoto aliacha kutafuna. Mama aliikamata ile nyama kwa vidole vitatu, akaichovya kwenye mchuzi, akatazama maji kwa muda, akaitia kinywani. Alitafuna polepole sana. Nilijitayarisha kumpa leso ateme.

"Baba hakujua," akasema.

Akala tena. Alikula ule upande wote wa samaki mkubwa, na kifungua mimba wangu, yule wa piza, akawa ndiye anayemtolea nyanya yake miiba kama alivyoona ikifanywa. Bili ilikuja 3,000 kamili. Nilimwachia 200 zaidi, akanirudishia kwa kumfungia Mama osuga mbichi kwenye gazeti.

Hoteli tuliyolala haina la kusimulia ila mbu. Kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye hifadhi ya Impala, iliyo barabara hiyohiyo ya Dunga. Ilianzishwa 1992 kwa ajili ya swala pala waliobaki. Tulikula chapati zetu za jana chini ya mti bila kuulizwa na mtu. Saa nane tulikuwa kwenye matatu ya kurudi, na kitinda mimba alilala mapajani mwangu mpaka Salgaa.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Jumatano Mama alinipigia simu kutoka Molo. Aliniuliza habari za watoto, habari za biashara, kisha akauliza kama soko la Nakuru lina samaki mwenye shavu jekundu. Leo nimepita kwa wauza samaki wote. Wengi wana waliokwisha kukaangwa, na hao nimewapita. Mmoja alikuwa na wabichi waliofika alfajiri, akanifungulia shavu bila mimi kuomba. Nimelipa 650. Yuko kwenye barafu sasa, nimemzungushia gazeti mara tatu, na kesho napanda matatu ya kwanza ya Molo.