Dead Man's Walk: msafara uliokosa kirangozi

Ukiiangalia Dead Man's Walk na wewe ni mtu wa Bagamoyo, utajikuta unauliza mapema kabisa: hawa jamaa maji yao wameyabeba kwenye nini?

Kwa asiyeifahamu, ni tamthilia ya kauboi ya mwaka 1996, ilirushwa na ABC ya Marekani kwa siku mbili mfululizo, mwongozaji Yves Simoneau, urefu wake unapita saa nne. Imetokana na riwaya ya Larry McMurtry ya 1995. Gus McCrae na Woodrow Call, wale wazee wa tamthilia ya Lonesome Dove (1989) walioigizwa na Robert Duvall na Tommy Lee Jones, hapa ni vijana wabichi: David Arquette na Jonny Lee Miller. Wanaingia Texas Rangers, askari wa kulinda mipaka ya Texas, wanakutana na Buffalo Hump, chifu wa Wakomanchi, kabila la wenyeji wa Amerika, halafu wanajiunga na msafara wa Caleb Cobb kwenda Santa Fe, wakati huo mji wa Meksiko. Mwisho wake ni kutekwa na Wameksiko na kuswagwa kwa miguu kuvuka jangwa la Jornada del Muerto. Arquette ana mzaha kupita kiasi kwa ladha yangu. Miller anafanana zaidi na Call tunayemjua, na Keith Carradine, anayecheza Bigfoot Wallace, anawafunika wote wawili.

Cobb ni wa kubuni, lakini msafara ulikuwepo. Juni 1841 Rais Mirabeau Lamar wa Jamhuri ya Texas alituma watu wapatao 320 chini ya Hugh McLeod, na magari 21 ya kukokotwa na maksai yenye bidhaa zilizokadiriwa kufika dola 200,000. Walioongoza njia hawakuijua njia. Waliufuata mto Wichita wakidhani ni Red River, na Mmeksiko aliyejitia kuifahamu nchi akawatoroka usiku. Huku kwetu, misafara iliyotoka Bagamoyo na Kaole kwenda bara ilikuwa na kirangozi: anatangulia yeye, na mpagazi akimpita njiani anatozwa faini. Sheria inaonekana ya kujionea fahari, ila inazuia jambo linaloweza kuuangamiza msafara, yaani kila mwenye farasi mzuri kukimbia mbele na kutafuta njia yake.

Magari nayo yalikuwa mzigo juu ya mzigo. Gurudumu la mbao lina pete ya chuma iliyopigwa ingali ya moto ili ikipoa ibane. Hewa kavu ya jangwani hunywa unyevu wa mbao, mbao inasinyaa, pete inalegea na njiti zinaanza kucheza kwenye kitovu. Dawa ni kugongelea kabari za mbao kati ya pete na ukingo, au kulaza gurudumu mtoni usiku kucha livimbe. Fundi yeyote wa milango pale Mji Mkongwe anaijua tabia hiyo ya mbao. Sasa mto usipokuwepo? Unabaki na kabari, na kabari zinadondoka. Mwishoni mwa Agosti walifika kwenye kingo za uwanda wa Llano Estacado, ukuta wa mwamba ambao gari halipandi. Wakagawana: watu kama mia moja wenye farasi bora wakatangulizwa, waliobaki wakakaa na magari kusubiri, wakila vibaya. Mpagazi wa Kinyamwezi mwenye frasila mbili begani, kama kilo 32, angepanda ukuta ule kwa kulalamika tu. Wale waliotangulia walisalimu amri Septemba pale Anton Chico, wenzao wakafuata Oktoba. Mapigano na Wameksiko hayakuwepo.

Sasa jangwa. Jornada ina urefu wa kama kilomita 145. Njia inauacha mto Rio Grande kwa sababu mto unajipinda kwenda magharibi na kuingia makorongoni, kusikopitika kwa magari. Mtu anayetembea juani kutwa anahitaji lita 8 hadi 10 kwa siku. Akienda kilomita 30 kwa siku ni siku tano, basi ni lita 50, yaani kilo 50 za maji peke yake kabla hajabeba chakula. Haibebeki. Maksai mmoja naye anataka lita 40 na zaidi kila siku.

Kwa hiyo kinachopunguzwa ni saa za juani. Hapo ndipo ningependa kumkalisha Caleb Cobb na mzee mmoja wa misafara amfundishe terekeza. Mnapiga kambi kwenye maji ya mwisho na asubuhi hamwondoki. Mnapika, mnakula, mnakunywa mpaka tumbo linagoma; vibuyu vinajazwa mwisho kabisa. Saa nane mchana mizigo inapanda mabegani. Mnatembea mpaka giza liwe zito, mnalala bila kupika, maana ugali unakula maji, na saa kumi za usiku mko njiani tena. Kabla jua halijakaza mmefika kisimani. Ndivyo ilivyovukwa nyika kavu ya Marenga Mkali, kati ya Mpwapwa na Ugogo, kama kilomita 50. Kinachoiharibu ni mtu kumaliza kibuyu chake kabla ya magharibi.

Jornada ni ndefu mara tatu, kwa hiyo terekeza moja isingetosha. Wafanyabiashara wa njia ile nao walitembea usiku, wakitegemea Laguna del Muerto, dimbwi la mvua linalokauka, au chemchemi ya Ojo del Muerto iliyo kando ya njia, milimani, kwenye nchi ya Waapache, kabila jingine la wenyeji.

Mateka wa 1841 hawakuwa na uchaguzi. Tena kilichowatesa sana kilikuwa baridi: uwanda ule uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na walivuka majira ya theluji wakiwa na nguo chakavu. George Wilkins Kendall, mwandishi wa habari aliyekuwa miongoni mwao, ameandika kwamba Kapteni Salazar, ofisa wa Meksiko aliyewaswaga, aliwakata masikio waliokufa ili kuthibitisha hesabu ya mateka. Salazar wa Edward James Olmos kwenye tamthilia ana utu kuliko huyo.

Kuhusu silaha, msitafute bastola za risasi sita. Colt Walker ilikuja 1847; kabla yake kulikuwa na Colt Paterson ya risasi tano, na wengi walibeba gobore. Mimina baruti, sukuma risasi iliyofungwa kitambaa kwa mdeki, weka fataki, inua jogoo, lenga. Mzoefu aliyesimama wima anatumia kama nusu dakika. Juu ya farasi baruti inamwagika na fataki zinaponyoka vidoleni, na nusu dakika inamtosha Mkomanchi kuachia mishale kadhaa. Ndiyo maana vijana wanashindwa vibaya mwanzoni, na hapo waandishi wamepatia.

Tukio la mateka kupigiwa kura ya kifo kwa kuchota maharagwe limehamishwa. Halikutokea kwenye msafara wa Santa Fe. Lilitokea Machi 25, 1843, Hacienda Salado huko Meksiko, kwa mateka 176 wa msafara wa Mier, Watexas walioivamia Meksiko. Maharagwe 159 yalikuwa meupe na 17 meusi, na aliyetoa jeusi alipigwa risasi. Inasimuliwa kwamba meusi yalimwagwa juu bila kuchanganywa sawasawa, na maofisa walitangulia kuchota. Bigfoot Wallace wa kweli alichota jeupe na aliishi mpaka 1899. Wa kwenye tamthilia mtamwona wenyewe.

Mkitaka kuzifuata zote zinazotokana na riwaya za McMurtry kwa mpangilio wa hadithi ni hii, kisha Comanche Moon (2008), Lonesome Dove, na Streets of Laredo (1995). Mimi nashauri muanze na ile ya 1989. Ukimjua Call mzee kwanza, ukimya wa Miller hautakuchosha.