Tumbo: kuuliza kwanza, kubonyeza mwisho

Wagonjwa wa tumbo wanaokuja kwenye zahanati yetu hapa kisiwani Pate huwa wameshaujua ugonjwa wao: chango, vidonda, amiba, ngiri. Namsikiliza kila mmoja, kisha naanza upya. Yalianzia wapi? Yamehamia wapi? Ukila yanazidi au yanapoa? Choo kina rangi gani? Kidole tumbo mara nyingi huanza kwa maumivu ya kitovuni, hamu ya chakula ikakatika, na baada ya saa kadhaa maumivu yakateremkia kulia, chini. Anayehara na kutapika tangu mwanzo, tumbo likimsokota na kumwachia, nafikiria kwanza maji aliyokunywa na alichokula.

Ramadhani huja wengi wanaochomwa chembe cha moyo baada ya futari. Wengi ni kiungulia tu. Lakini choo kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, hiyo ni damu inayovuja huko juu, na huyo simrudishi nyumbani na vidonge.

Mgonjwa hulala chali, magoti kayakunja ili tumbo lilegee. Naangalia: limevimba? Lina kovu? Kinenani je, kuna ngiri iliyokaza isiyorudi ndani? Halafu nasikiliza kabla sijagusa, maana kubonyeza kunaweza kubadili mlio wa matumbo. Mkono huja mwisho, umeshapashwa joto, na huanzia mbali na panapouma. Macho yangu huwa usoni kwake.

Msimu mmoja wa kusi alikuja binti na mavyaa wake.

"Mwanangu, huyu ana chango. Mdunge sindano ya maumivu twende zetu, akachuliwe."

Binti alikuwa kajikunja, na alipolala akasema bega linamuuma. Hakubeba kitu, hakuanguka. Hapo nikashtuka. Damu ikimwagika tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yake husikika begani. Mapigo yalikwenda mbio, na ndani ya kope palikuwa peupe.

Ilibaki kumwuliza habari za hedhi, na hilo asingelijibu mbele ya mavyaa. Kumwambia mtu mzima atoke nje ni kumvunjia heshima, na akiondoka kwa hasira anaweza kuondoka na mgonjwa. Nikamwambia, "Mamangu, nisaidie. Mpigie mwanao simu atafute boti, naona itatubidi twende hospitali ya Amu (Lamu)." Akatoka, maana ile ilikuwa kazi ya kweli na iliyohitajika. Ndipo binti akaninong'oneza kuwa siku zake zilichelewa, na tangu jana anaona matone. Kipimo cha mkojo kikaonyesha mimba.

Nikamwomba ruhusa ya kumweleza mavyaa wake, akakubali. "Mamangu, mimba imetunga nje ya kizazi na nahofia imepasuka. Hapa hatuna chumba cha upasuaji."

"Na kuchuliwa je?"

"Asichuliwe hata kidogo. Tumbo likikandwa atazidi kuvuja damu."

Alinitazama kitambo, kisha akalivuta buibui lake na kuanza kumkusanyia binti nguo. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu neno lake ndilo lililokuwa na uzito nyumbani kwao kuliko langu.

Nikamfungulia mishipa miwili, nikamtundikia maji, nikakataza chakula na kinywaji. Kwenye barua niliandika mapigo, presha, saa ya kila kipimo, na jibu la mkojo juu kabisa, lionekane mwanzo. Bahari ilichafuka, lakini maji yalikuwa yamejaa na Mkanda, mlango mwembamba wa bahari wa kwendea Amu, ukapitika. Yangekuwa yamekupwa tungekwama. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, akaongezwa damu, akapona.

Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa anayeniletea tumbo hupimwa mimba, awe msichana wa shule au mama wa watoto sita, hata akiniambia siku zake zimekuja, kwa sababu matone ya mimba kama ile hudhaniwa kuwa hedhi. Na aliyemsindikiza huwa nimeshamwandalia shughuli ya nje kabla sijafika kwenye swali hilo.