Biskuti za Krismasi Zilizomalizikia Kwenye Mkaa

Desemba 2011 Shangazi alipanga kuoka biskuti za Krismasi siku ya Ijumaa, tarehe 23, asubuhi na mapema, kabla umeme haujaanza vituko vyake. Mwaka ule ulikuwa wa mgao. Bwawa la Mtera, la kuzalishia umeme, maji yalikuwa yamepungua, tukazoea kupika kwa kuvizia, halafu wiki ile ile redio haikuwa na habari nyingine ila mafuriko ya Dar es Salaam. Kwetu Uyole, Mbeya, mvua ilikuwa ile ya kawaida ya Desemba, inanyesha mchana, inapumzika kidogo, inarudi. Hali hiyo ina faida moja kwa mwoka biskuti: siagi haiyeyuki mezani. Hasara zake nitazisema.

Vipimo vyake vilikuwa hivi. Unga wa ngano gramu 900 na wanga wa mahindi gramu 100, siagi ya kopo nusu kilo, sukari gramu 350, mayai 3 ya kisasa (ya kienyeji angeweka 4, kwa kuwa ni madogo), beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja, na ganda la machungwa mawili lililokwaruzwa, ile sehemu ya rangi tu, kwani weupe wa chini yake ni mchungu. Wanga wa mahindi haukuwa wa kujazia. Unga wa dukani ule wa chapati na maandazi unavutika sana ukikandwa, na biskuti haitaki kuvutika, inataka kuvunjika. Ukiondoa sehemu ya unga na kuweka wanga, unaupunguza ule mvuto.

Mapishi mengi ya biskuti za aina hii yameandikwa na watu wa mabondeni. Huwa yanataka beking pauda vijiko 3 kwa kilo na sukari inayokaribia nusu kilo. Uyole iko juu ya mita 1,700, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo biskuti inaumuka haraka kuliko inavyoshika, kisha inabonyea katikati. Maji nayo yanakauka upesi, sukari iliyobaki inakolea na kuzifanya zitambae kwenye trei. Shangazi hakuwa na habari za nyuzi. Alijua tu kwamba mapishi ya binamu yake wa Tanga yakiletwa Mbeya lazima yapunguzwe, akapunguza.

Sukari aliisaga kwanza. Sukari yetu ina chembe nene, na chembe isiyoyeyuka ndani ya siagi huyeyukia motoni, ikaacha madoa ya kahawia na vishimo juu ya biskuti. Umeme ulikuwepo, akatumia blenda. Siku nyingine nilimwona akitwanga kwenye kinu na kuchekecha. Siagi na sukari alizipiga kwa mwiko mpaka rangi ikapauka, akaishia hapo. Wanaopiga hadi mchanganyiko uvimbe kama wa keki wanaingiza hewa nyingi, na hewa hiyo ikipata moto biskuti hupanda, hupasuka pembeni na kupoteza umbo. Mayai yakaingia moja moja. Unga ulioshachekechwa pamoja na beking pauda ukaingia kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho akaliunganisha kwa ncha za vidole bila kukanda.

Nilikuwa naelekea kuukanda kwa ngumi kama wa chapati, akanishika mkono.

“Mwanangu, hapa hatukandi. Kusanya tu, lishikane.”

Donge likagawanywa manne, likabanjuliwa bapa, likafungwa kwenye mifuko ya rambo, ambayo enzi hizo ilikuwa bado ruksa, na kuwekwa sakafuni stoo kwa saa nzima. Friji halikuhitajika, sakafu ya saruji ya Uyole wakati wa mvua inatosha. Kubanjua bapa kuna sababu: donge la duara hupoa nje, ndani likabaki laini, na ukianza kulisukuma linapasuka kingo huku katikati likinata kibaoni.

Kusukuma ndiko kunakoharibu biskuti za watu wengi, kwa kuwa upande mmoja unatoka mwembamba na mwingine mnene, na motoni mwembamba unaungua kabla mnene haujaiva. Shangazi alilaza penseli mbili kibaoni, moja kila upande wa donge, akapitisha fimbo ya chapati juu yake. Fimbo ikigusa penseli haishuki tena. Biskuti zote zikatoka na unene wa milimita 7 hivi. Kukatia alitumia kopo dogo la nyanya lililotobolewa pande zote mbili. Ukiacha kitako, hewa inabanwa ndani na biskuti inang'ang'ania humo. Nyota alizikata kwa kisu akifuata karatasi ngumu ya boksi. Kopo na kisu vilichovywa kwenye unga mkavu kila baada ya mikato michache. Mabaki ya pembeni hakuyachanganya na donge jipya, aliyaweka bakuli lake, maana kila unaposukuma upya unaongeza unga na unaongeza ugumu.

Oveni yetu ilikuwa ile ndogo ya umeme ya mezani. Ilipashwa hadi nyuzi 175, trei ya kwanza ikaingia, ikatoka baada ya dakika 13, safi. Ya pili ilikuwa ndani yapata dakika 8 taa nyekundu ilipozimika. Redio ya jirani nayo ikanyamaza.

Mimi mkono ulishafika kwenye mlango wa oveni. Shangazi akasema niache. Hesabu yake ilikuwa rahisi: biskuti ikishafika dakika ya nane imekwisha kusimama, inachohitaji sasa ni kukauka, na joto la kukaushia limo humo humo ndani ilimradi mlango usifunguliwe. Tuliiacha robo saa. Zilitoka zimepauka, bila ule wekundu wa kingo, lakini ukivunja zinalia. Trei iliyoingia muda huo huo isingeokoka. Siagi ingeyeyuka taratibu kabla unga haujashika, tungepata chapati moja ya sukari.

Zaidi ya nusu ya donge ilikuwa bado stoo. Ndipo likatolewa sufuria kubwa la shughuli.

Kuoka kwa sufuria kila nyumba ina namna yake, na namna nyingi zinaunguza chini. Shangazi alitandika mchanga wa mtoni wa kimo cha vidole viwili, mchanga mkavu kabisa, uliokuwa umehifadhiwa ndani kwenye ndoo. Mchanga wenye unyevu unatoa mvuke, na biskuti iliyookwa kwenye mvuke inatoka laini kama mkate. Juu ya mchanga vikakaa vijiwe vitatu, na juu yake masinia mawili ya alumini yaliyopachikana. Sinia moja jembamba hupitisha moto kwa mabaka, mawili yanausambaza. Mfuniko haukuwa mfuniko wa sufuria bali sinia la tatu, kubwa, lenye ukingo ulioinuka. Ukingo huo unazuia majivu yasimwagike ndani unapofunua.

Mkaa ndio uliotusumbua. Wa mvua unafuka moshi na kurusha cheche, na moshi ukiingia sufuriani biskuti zinanuka jiko mpaka Mwaka Mpya. Uliwashwa nje, kwenye kibaraza, ukaachwa mpaka kila kipande kikawa chekundu na kuvaa majivu meupe kidogo. Ndani ya nyumba hatukuuingiza, hata mvua ilipoanza kupiga pembeni. Baridi ya nyanda za juu inawashawishi watu kujifungia na jiko, na hewa ya mkaa inaua bila kunuka.

Kisha akapalia: theluthi moja ya mkaa chini, theluthi mbili juu ya sinia. Wengi hufanya kinyume kwa mazoea ya kupikia wali, wakaishia na biskuti nyeusi chini na mbichi juu. Sufuria likapashwa tupu kwa dakika 20. Kipimo cha joto kilikuwa unga mkavu, kijiko kimoja kilichotandazwa kwenye kipande cha bati na kuwekwa ndani. Ukigeuka hudhurungi hafifu kwa kama dakika 5, moto ni wa biskuti. Ukiungua kabla ya dakika 2, punguza mkaa wa chini. Ukibaki mweupe, ongeza wa juu. Siku ile uliungua, koleo likatoa vipande vitatu chini ya sufuria, tukapima tena.

Kila awamu ilichukua robo saa, pengine na zaidi kidogo. Kati ya awamu na awamu sinia lilipoozwa kwa kitambaa chenye maji, maana donge baridi ukiliweka kwenye bati la moto siagi inayeyuka kabla hujafunika, na duara linageuka bapa lisilo na kingo. Alama ya kuiva haiko juu ya biskuti, iko chini. Shangazi aliinua moja kwa ncha ya kisu: chini pakiwa na rangi ya dhahabu, zinatoka, hata kama juu bado ni laini ukigusa. Zinakazana zinapopoa. Anayesubiri zikauke zikiwa motoni atazila na nyundo.

Jirani alikuja kuchungulia moshi, akakuta masinia. “Ndaga, mama, kumbe hata bila umeme!” Ndaga ni asante ya Kinyakyusa. Alitaka kujua kwa nini za kwake hutambaa kila mwaka. Shangazi alimuuliza anaweka siagi wapi. Ilikuwa karibu na jiko, ili ilainike. Hakukuwa na haja ya swali la pili.

Kuhusu urembo, wapo wanaopaka aisingi ya rangi. Desemba ya Mbeya haiikaushi. Inabaki inanata usiku kucha, na biskuti zikipangwa zinashikana. Shangazi alipaka kiini cha yai kilichochanganywa na kijiko cha maziwa kabla ya kuoka, akanyunyiza sukari isiyosagwa. Mpaka leo naona ndiyo inayofaa kwetu. Inang'aa, na haihitaji jua.

Kuhifadhi kuna shida ile ile ya unyevu. Biskuti zilipoozwa hadi zikawa baridi kabisa, kwenye wavu, kwani zikifungiwa na uvuguvugu zinatoa jasho na asubuhi ni laini. Zikaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, karatasi kila tabaka, na chini kabisa kifurushi cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu kidogo, wa kunyonya unyevu. Sahani za majirani zilitoka Jumamosi jioni, zimefunikwa leso. Zile zilizopauka za trei ya pili tulizibakiza sisi wa nyumbani, na kwenye chai hazikuwa na tofauti.

Mabaki ya kwenye bakuli yalikaa stoo hadi tarehe 26, walipofika wageni wa basi la Dar. Siku hiyo umeme ulikuwepo, lakini mkaa ulishawashwa kwa ajili ya nyama, kwa hiyo Shangazi akapalia sufuria lile lile. Alikata pembe nne kwa kisu, ili yasibaki mabaki mengine ya kusukuma.