Kutoka bembea za Makadara hadi Formula Rossa: nguo, tumbo na shingo

Kila likizo kuna familia za Mombasa zinazokwenda kuwatazama ndugu zao Dubai na Abu Dhabi, na siku moja hutengwa kwa ajili ya Ferrari World, bustani ya michezo kisiwani Yas, Abu Dhabi. Vijana wanakwenda kwa jambo moja tu: Formula Rossa. Bembea za Idi pale Makadara hazimwandai mtu kwa hii. Ilipofunguliwa mwaka 2010 ilikuwa rolakosta (treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli) yenye kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na kasi hiyo inafikiwa kwa takriban sekunde 5. Treni yetu ya Mombasa–Nairobi, Madaraka Express, ikienda mbio zake za juu kabisa ni kilomita 120.

Tuanze na nguo, maana hapo ndipo wengi wetu hukwama. Chuma cha kukushikilia hukaa juu ya mapaja. Buibui au kanzu ikijikunja katikati, chuma huonekana kimebana kumbe kimebana kitambaa, na treni ikipanda mgongo wa reli utahisi mwili unaelea kuliko inavyotakiwa. Vaa suruali ndani, kusanya nguo pande zote mbili kabla ya kukaa, kisha ulaze chuma mwenyewe hadi kiguse paja. Kwa mtandio, pini peke yake haishindani na upepo ule. Vaa kofia ya ndani inayobana, zungusha mtandio, ncha zote zichomeke ndani ya shingo ya nguo, pasibaki hata kipande kinachoning'inia. Mwonyeshe mhudumu kabla hujapanga foleni, usisubiri ufike kwenye kiti ndipo urudishwe. Kandambili, simu na funguo ziache kabatini au kwa asiyepanda. Miwani ya kinga utapewa, nawe usiilegeze: kwa kasi ile chembe moja ya mchanga ikiingia jichoni ni jeraha.

Mtoto lazima afike sentimita 140. Mpime nyumbani, bila viatu, visigino na mgongo vikigusa mlango. Akipungua sentimita mbili, mwambie mapema angali Mombasa. Kumwambia mlangoni baada ya saa nzima ya foleni ni kumvunja moyo bure. Wala usimbembeleze mhudumu. Chuma kile kimepimiwa nyonga na mapaja ya mwili wa kimo fulani, na mwili mdogo unaweza kuchomoka chini yake.

Tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Mahamri mawili na chai saa mbili kabla ya kupanda yanatosha. Biriani ingoje jioni. Asiyekunywa maji ndiye anayeona giza machoni, kwa sababu treni ikiingia bondeni kwa kasi damu husukumwa kutoka kichwani kwenda miguuni. Ukihisi mwili unakuwa mzito, kaza mapaja na tumbo, endelea kupumua. Kichefuchefu ni jambo jingine: sikio la ndani linasema unasogea, macho yaliyofumbwa hayaoni kitu, ubongo unavurugika. Fumbua macho, tazama reli ya mbele.

Sasa shingo. Treni haivutwi na mnyororo mlimani kama rolakosta za kawaida. Pampu husukuma mafuta na kuikandamiza gesi ya naitrojeni ndani ya mitungi. Gesi ikiachiwa, mafuta huzungusha mota za winchi, yaani mashine ya kukunja waya, na waya huo huivuta treni. Kabla ya hapo treni husogea taratibu, kisha hutulia kimya. Kimya hicho ndicho ishara yako: kisogo kigandishe kwenye kiti, mikono ishike. Anayegeuka wakati huo kumchungulia binamu yake kiti cha nyuma, kichwa kitarushwa bila tegemeo, na shingo itamuuma siku tatu.

Kiti cha mbele kina upepo wote na mandhari yote. Cha nyuma kinakutoa kitini zaidi, kwa sababu mabehewa ya mbele yakishaanza kuteremka huyavuta ya nyuma juu ya kilele kwa kasi kubwa. Kwa mara ya kwanza, kaa katikati.

Treni ikisimama njiani usipige kelele. Reli hugawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu. Ya mbele ikichelewa, ya nyuma husimamishwa. Rolakosta nyingi za kisasa hufungwa breki kwa sumaku za kudumu, ambazo hufanya kazi hata umeme ukikatika.

Jengo la Ferrari World lina paa na kiyoyozi, lakini reli ya Formula Rossa inatoka nje, kwa hiyo upepo mkali ukivuma hufungwa. Basi ukiingia getini nenda kwake kwanza, mengine baadaye. Chagua Jumanne hadi Alhamisi, kati ya Novemba na Machi. Tangu 2022 mapumziko ya wiki kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa kazi za serikali huisha mchana, kwa hiyo foleni za Ijumaa jioni huwa ndefu pia.