Kapenta, sambaza

Agosti 2014 nilikuwa Goma. Nilikuwa nimetumwa kufunga mashine za baridi katika duka moja la dawa, na kazi ikaisha juma zima kabla ya tarehe ya ndege yangu ya kurudi Lubumbashi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mke, sina wa kuniuliza nilikolala. Mwenyeji wangu wa Himbi akanikataza kurudi kwetu bila kuiona Bukavu, mji wa upande wa kusini wa ziwa Kivu. Tena akanikataza kupanda boti ya mbio. "Ile ni saa tatu za kelele za mota, unashuka humjui hata uliyekaa naye. Panda meli ya usiku. Meli ya usiku ndiyo watu."

Jioni nikashuka bandarini. Mbao za machukudu, zile baiskeli za mti za kubebea mizigo, zilikuwa zinalia chini ya magunia ya viazi na maharagi, vijana wakiyasukuma juu ya yale mawe meusi ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga mjini Januari 2002. Sisi wa Katanga tumezoea udongo mwekundu. Mji uliojengwa juu ya mawe meusi, na kuta zake zikajengwa kwa mawe yaleyale, ulinifanya nitembee polepole, kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba akiwa amechelewa.

Ndani ya meli kila aliyetangulia alikuwa ameshatandika. Nilisimama na begi langu begani, sioni pa kuweka mguu. Karibu na ukingo wa nyuma palikuwa na mkeka mmoja mpana, na juu yake mama wa makamo aliyejifunga kikwembe cha rangi ya kahawia, na pembeni yake msichana wa rika langu hivi. Nikainama.

"Jambo mama. Naomba pa kukaa."

Aliangalia viatu vyangu kwanza, kisha uso. "Jambo mwanangu. Mkeka si wangu, ni wa huyu dada yako. Muombe yeye."

Nikamuomba. Hakusema neno. Alivuta begi lake upande wa pili, akapangusa ile nafasi kwa kiganja, mara mbili, kama anayempangusia mgeni kiti nyumbani. Mkono ule naukumbuka kuliko mambo mengi niliyoyaona safarini.

Meli ikatoka. Mwezi haukuwapo usiku huo, na mara giza lilipokamilika ziwa likajaa taa. Nilidhani ni kijiji ng'ambo. Msichana ndiye aliyenieleza kwamba ni wavuvi: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, inakuwa chombo kimoja, taa zinawashwa, samaki wanaifuata nuru, wavu unapandishwa. Ndiyo maana hawapendi usiku wa mbalamwezi, mwezi unawaharibia taa zao. Tulipopita karibu na mmoja wao tuliwasikia wakiimba, wanapiga kasia kwa sauti ya wimbo.

Mama akafungua bakuli. Samaki wadogo wa kukaanga, wakavu, wanang'aa mafuta, na ndimu iliyokatwa vipande vinne, na pilipili ndani ya kijikaratasi. Akanisogezea bila kuuliza kama nina njaa. Nikaonja, nikasema kwa furaha ya kweli, "Kumbe na huku mnakula kapenta!"

Wote wawili wakanitazama. "Kapenta ni nini?" msichana akauliza.

"Si hawa?"

"Hawa ni sambaza, kaka."

Basi hapo maongezi yakaanza, na hayakusimama mpaka usiku wa manane. Ugali wao wanauita bugali, mimi nauita bukari. Nilimweleza munkoyo, kinywaji cha kwetu, mizizi inavyopondwa na uji unavyoachwa upate uchachu, akataka kujua kama unalewesha. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote na sikujua kama kuna raha ya namna ile ndani yake: kumwelewa mtu kabisa, halafu katikati ya sentensi anakutupia neno ambalo ni lake tu, na unalipokea kama zawadi.

Mzee mmoja aliyekalia gunia la maharagi alikuwa anatusikiliza. Akaingilia kwa upole. Alisema zamani za utoto wake ziwa Kivu halikuwa na sambaza hata mmoja. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana mpaka wakawa mboga ya kila nyumba. "Sasa wewe kijana wa Lubumbashi, kapenta mnawatoa wapi?"

"Wa kwetu wengi wanatoka Kalemie na Moba, mzee."

"Ni Tanganyika ileile. Basi mnabishana majina, samaki ni wa ukoo mmoja."

Msichana akanigeukia. "Kwa hiyo, kaka, ndugu zako walikutangulia kufika huku."

Nilicheka, lakini moyoni kitu kilishakaa mahali pake.

Baridi ilianza kuuma. Ziwa lile liko juu, karibu mita 1,460, na upepo wake usiku si wa mchezo. Mama alikuwa amejifunika mpaka kichwani, nikadhani amelala. Ndipo msichana akanisimulia jinsi familia yake ilivyohama Goma. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi volkano ilipolipuka. Mama yake alikuwa amebandika maharagi. Walipoambiwa kimbieni, kila mtu alishika alichokuwa karibu nacho, na yeye alishika lile sufuria, la moto, mfuniko umefungwa kwa kikwembe, akalibeba kichwani mpaka walipofika mahali pa kusimama. Usiku ule walikula maharagi mabichi nusu, yasiyo na chumvi. Nyumba hawakuiona tena. Baba yake akawavusha Bukavu kwa nduguye, na huko ndiko alikosomea, na sasa alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Alisimulia bila kulia. Alinionyesha tu kwa mikono jinsi alivyolishika sufuria, vidole vimepanuka.

Hapo nilifanya kosa. Sijui nilidhani simulizi ile imenipa haki gani. Nilitoa simu mfukoni, nikaiwasha, mwanga wake ukampiga usoni, nikamwomba namba.

Akanyamaza. Alitazama taa za wavuvi. Nami nikabaki nimeshika simu.

Sauti ikatoka chini ya kikwembe, na haikuwa na usingizi hata chembe. "Mwanangu, jina la samaki wa kwenu umetuambia. Jina la baba yako hujatuambia."

Niliizima simu. Niliona aibu, na nilistahili kuiona. Nimesafiri na vijana wengi wanaorudi safari na namba kumi ndani ya simu na hawajui hata mmoja wa hao kumi amezaliwa wapi, na usiku ule nilikuwa nataka kuwa mmoja wao. Yule mama mdogo, maana alikuwa mdogo wake mama wa msichana, hakunifukuza. Alinifungulia mlango wa mbele, kwa kuwa nilikuwa napitia dirishani.

Nikaketi vizuri. Nikamwambia jina la baba na jina la mama. Nikamwambia baba alitoka Kasenga, kando ya Luapula, akafuata kazi Lubumbashi, na kwamba sisi ni watano, mimi wa pili. Aliuliza tunasali wapi. Aliuliza kama baba bado anaishi. Nilipomwambia amefariki, alikaa kitako, akasema "pole, mwanangu," akaivuta pindo ya kikwembe chake akaniwekea magotini. Halafu akasema, "Jumapili baada ya misa njoo kwetu Kadutu. Mambo ya namba utaulizia mezani."

Kulipokucha tulikuwa tunaingia Bukavu. Rasi zake zinaingia ziwani kama vidole, nyumba zimepandana mlimani, moshi wa majiko unapanda kabla ya jua. Tuliagana pale bandarini kwa kushikana mikono, yeye na mimi, mbele ya mama mdogo. Sekunde chache tu.

Jumapili nilipanda Kadutu na kilo mbili za sukari na miche miwili ya sabuni. Sitaeleza yote. Baba yake aliniuliza maswali yaleyale ya meli, nikajibu yaleyale, safari hii bila kutetemeka. Tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza. Baadaye msichana aliruhusiwa kunionyesha ziwa kutoka juu, pamoja na kaka yake mdogo wa miaka kumi aliyekuwa anatutangulia hatua tano na kugeuka kila mara. Hapo, bila kuombwa, dada yule alichukua kiberiti nilichokuwa nacho, akaandika namba yake juu ya karatasi ya kisanduku kwa kalamu ya bluu, herufi za muuguzi, zilizonyooka.

Siku ya kurudi alikuja bandarini na yule kaka yake. Alinipa kifurushi: sambaza wakavu, wamefungwa ndani ya gazeti, kisha ndani ya mfuko wa raba, kisha kamba. "Ni za mama," alisema. Hakusema mama yupi, na sikuhitaji kuuliza.

Nyumbani Katuba mama yangu alikifungua kifurushi mezani. Alinusa mmoja, akavunja kichwa, akaonja.

"Kapenta nzuri hizi. Nani amekupa?"

"Ni sambaza, mama. Nimepewa na dada mmoja wa Bukavu."

Akavuta kiti, akaketi. Akafuta vidole kwenye kikwembe chake, taratibu, kimoja kimoja.

"Baba yake anaitwa nani?"

Nikamwambia.