Oili inadondoka chini, tatizo liko juu
Wiki tatu nzima lori langu la dizeli limekuwa likiacha doa la oili kila ninapoliegesha. Matone yalitokea pale injini inapoungana na giaboksi, nikaamini kabisa ni sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isivuje pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma. Hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi nzima! Kabla ya kufungua chochote nikaosha injini, nikaikausha, nikainyunyizia poda, nikaiwasha dakika 20. Njia ya oili ikajionyesha: inaanzia juu, kwenye gasketi (kizibo chembamba) ya kava ya valvu, kile kifuniko cha juu ya injini, inateremka kwa nyuma. Gasketi ilishakakamaa kama gamba. Nimeweka mpya, na bomba la kupumulia injini nimelizibua, maana likiziba, presha ya ndani ya injini husukuma oili popote penye udhaifu. Leo asubuhi chini pakavu. Nimefurahi mno.